Impure Science cha Steven Epstein: anzia nusu ya pili

Kitabu hiki cha mwaka 1996, kilichochapwa na University of California Press, kilitokana na tasnifu ya uzamivu ya Epstein, mwanasosiolojia, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kinauliza jambo moja: wagonjwa wa UKIMWI wa Marekani, wengi wao bila elimu yoyote ya tiba, waliwezaje kuingia kwenye kamati zinazopanga majaribio ya dawa?

Sura ya 1 hadi ya 4 zinahusu ubishi juu ya chanzo cha ugonjwa, hasa madai ya mwanabiolojia Peter Duesberg kwamba si VVU. Zinachosha, na kurudiarudia kumezidi. Ila anayetaka kujua Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, aliyaokota wapi mashaka yake ya mwaka 2000 juu ya VVU, asiziruke.

Uhondo uko nusu ya pili. Jaribio la mwaka 1986 la AZT, dawa ya kupambana na VVU, lilisimamishwa kabla ya muda: waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 19, waliopewa AZT mmoja. Machi 1987 dawa ikaidhinishwa. Epstein anaonyesha yaliyokuwa yakitendeka chini kwa chini. Wagonjwa walifungua vidonge wakaonja unga kujua kama ni dawa kweli, wengine waligawana dawa na wenzao ili kila mtu apate walau nusu dozi. Watafiti waliona utovu wa nidhamu. Wanaharakati wa ACT UP, kundi la kudai tiba ya UKIMWI, walijibu kwamba kumpa mtu anayekufa kidonge kitupu ndiko kunakomfundisha kudanganya, na takwimu zinazotoka hapo ni chafu. Hoja ya haki ikawa hapo hapo hoja ya mbinu za utafiti, na hapa ndipo kitabu kinapong'ara kuliko kwingine kote. Mbinu nyingine walizotumia: kujifunza lugha ya maabara, kusema kwa niaba ya wagonjwa ambao bila wao hakuna jaribio, na kuegemea wanatakwimu ambao tayari walitaka majaribio yafanane na tiba ya kila siku.

Epstein hawapambi mashujaa wake. Sura ya 8 inaeleza jinsi waliobobea walivyogeuka wataalamu na kutengana na wenzao. Kundi lao la TAG (Treatment Action Group) lilijitoa ACT UP mwaka 1992. Kisha jaribio la Concorde, mwaka 1993, likaonyesha kuwa kuanza AZT mapema hakukuleta faida ya kudumu, na waliodai dawa ziidhinishwe haraka wakabaki na maswali magumu.

Kasoro? Vifupisho vya taasisi ni utitiri. Viandike pembeni tangu mwanzo. Tena simulizi inakatika kabla ya mkutano wa Vancouver wa Julai 1996, uliotangaza mafanikio ya dawa mseto, yaani dawa kadhaa za VVU kwa pamoja.

Kitabu chake cha baadaye, Inclusion (2007), kuhusu sheria ya Marekani ya 1993 iliyolazimisha wanawake na watu wa jamii za wachache wajumuishwe kwenye utafiti wa tiba unaogharimiwa na serikali, kinasomeka kwa wepesi zaidi na kinawafaa wanafunzi wa sera ya afya. Kwa darasa la vuguvugu za kijamii, nunueni hiki cha kwanza.