Nimeitazama The Dirty Dozen nzima, bila kurushwa mbele

Mara ya kwanza niliiona The Dirty Dozen nikiwa darasa la nne, kwenye kibanda umiza nyuma ya soko. Kiingilio shilingi 50, viti ni mbao juu ya matofali, na mwenye video alikuwa na tabia moja: yakianza maongezi tu, anarusha kanda mbele. Watu walilipia vita, hawakulipia maneno. Kwa hiyo kwa miaka mingi filamu hii kichwani mwangu ilikuwa ngome inayowaka moto, na mtu mweusi anayekimbia kwa nguvu zake zote huku anadumbukiza mabomu ya mkono kwenye matundu ya hewa. Tulibishana njia nzima kurudi nyumbani. Stelingi hafi, kila mtoto alijua hivyo, basi yule pale mwishoni alikuwa ameumia tu.

Mwezi uliopita nimeitazama mwanzo hadi mwisho. Kwanza nilinunua diski kwenye duka moja Kariakoo. Ilifika katikati ikaganda, na hata kuifuta kwa kitambaa hakukusaidia. Nikaamua kuikodi mtandaoni. Ni dakika 150, kwa hiyo jiandae na bando la kutosha. Picha ni safi kwa filamu ya 1967. Maandishi ya chini niliyoyakuta ni ya Kiingereza tu, nami ikanibidi nimtafsirie mke wangu kila wanaume hawa walipobishana, na wanabishana sana.

Kisa chenyewe ni hiki. Ni Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya washirika yako Uingereza yakijiandaa kuvuka kwenda Normandy, pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, Juni 1944. Meja Reisman, anayechezwa na Lee Marvin, anapewa wafungwa 12 wa jeshi la Marekani. Watano wamehukumiwa kunyongwa, waliobaki wana vifungo virefu. Awafundishe, aruke nao kwa miavuli Ufaransa, waingie kwenye ngome karibu na Rennes ambako maofisa wakubwa wa Kijerumani hustarehe, wawaue wengi kadiri watakavyoweza.

Sasa, kile ambacho mwenye video alitunyima. Filamu inaanza kwa kunyongwa. Askari kijana analia na kuomba, Reisman amesimama anatazama, halafu kamba. Baada ya hapo meja anapita kwa wafungwa wake mmoja mmoja, selo kwa selo. Hakuna bunduki, hakuna muziki wa kupandisha mori, ni mtu amekaa kitandani na mwingine amesimama mlangoni. Wladislaw, ambaye ni Charles Bronson, alimpiga risasi ofisa wake aliyekuwa anatoroka na dawa za majeruhi. Posey ana mwili mkubwa na sauti ya upole, alimpiga mtu ngumi moja akafa. Jefferson, yule mkimbiaji wetu, aliua alipovamiwa na watu waliochukia rangi yake. Na Maggott, wa Telly Savalas, ni mwuaji wa wanawake anayejiona ametumwa na Mungu. Wote wanawekewa mezani kitu kilekile: ukija unaweza kufa, usipokuja una hakika yako hapa. Hapo nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Mtanzania yeyote aliyefuatilia habari za Januari 2023 ataelewa kwa nini. Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilithibitisha kwamba kijana wetu aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa huko, aliahidiwa msamaha akienda kupigana na kikosi cha Wagner, jeshi la kukodi la Kirusi, akafa Ukraine Oktoba 2022. Wazambia nao walikuwa wamempoteza mwanafunzi wao kwa njia hiyohiyo. Mkataba ulikuwa wa miezi 6. Nilikuwa nimezoea kuziona filamu hizi kama hadithi za mababu wa watu wengine, na Wasovieti kweli walikuwa na vikosi vya adhabu, vya askari wenye makosa waliopelekwa kupigana, tangu amri ya Stalin ya Julai 1942. Lakini mtu anayeingia selo na kukupa chaguo lisilo chaguo bado yupo kazini.

Ndiyo maana naisifu filamu hii kuliko nilivyoisifu utotoni. Inampa kila mtu uso kabla ya kumpa bunduki. Saa nzima ya katikati ni mazoezi, na ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Franko, wa John Cassavetes, anagoma kunyolea ndevu maji baridi, wenzake wanamuunga mkono, na Reisman anawaadhibu wote: hakuna sabuni, hakuna wembe. Jina la filamu linatoka hapo, kwenye uchafu huo. Ila ukimwangalia usoni meja hajakasirika hata kidogo, maana ni mara ya kwanza watu hawa kukubaliana jambo. Kisha kuna Donald Sutherland, anayejifanya jenerali na kukagua gwaride la kikosi kingine kwa maringo yote. Mke wangu hakuhitaji tafsiri pale, alicheka hadi machozi.

Marvin anaaminika kwa sababu vita alivijua. Alikuwa Marine, askari wa majini wa Marekani, akajeruhiwa kisiwa cha Saipan, Pasifiki, Juni 1944, mwezi uleule wa kuvuka kwenda Normandy. Jim Brown, anayecheza Jefferson, alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani wa Cleveland Browns, na akiwa Uingereza kwenye filamu hii mwaka 1966 alitangaza kwamba anaacha mpira. Ukijua hilo, mbio zile unaziangalia kwa jicho jingine.

Kuhusu sauti: vaa hedfoni. Filamu hii ilishinda Oscar ya athari za sauti na bado inastahili.

Kilichonisumbua ni mwisho, na nadhani kilikusudiwa kusumbua. Maofisa wanakimbilia handaki chini ya ngome pamoja na wanawake waliokuja nao kwenye starehe. Wafungwa wanafunga milango, wanamimina petroli kwenye matundu ya hewa, wanatupa mabomu. Utotoni tulipiga makofi. Safari hii nilisikia vilio vya kule chini. Usiwaonyeshe watoto wadogo, tafadhali.

Ukiipenda, tafuta pia Play Dirty ya 1969, ya Michael Caine, jangwani Afrika Kaskazini. Ni fupi zaidi na chungu zaidi. The Secret Invasion ya Roger Corman, ya 1964, ilitangulia zote mbili, ila wafungwa wake sikuwashika majina.

Hii naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu baadhi ya wale 12 hawapati hata dakika tano za kujulikana, na Jiminez, anayepiga gitaa, anafia kwenye kuruka bila hata sisi kuoneshwa. Mwishoni familia za waliokufa zinaambiwa ndugu zao walifia kazini, basi. Jefferson ni mmoja wao. Kaka yangu, niliyekuwa nakaa naye ubao mmoja kule kibandani, hadi leo anashikilia kwamba aliumia tu. Jumapili anakuja kwangu, tunaanzia kwenye kamba.