Runinga za 4K na 8K: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Mnunuzi wa runinga hukutana kwanza na namba: 4K, 8K, inchi 65, hezi 120 (mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde), HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza). Namba inayoandikwa kwa maandishi makubwa kuliko zote huwa ni ile ya wingi wa pikseli, yaani vitone vidogo vinavyounda picha, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo namba ya kutazamwa mwisho. Mwongozo huu unapanga aina tano za vioo, kuanzia ile ninayoipendekeza kwa watu wengi hadi ile ninayoshauri iachwe dukani. Kabla ya kuzipanga, inafaa kueleza kwa nini wanunuzi wamesita kuhamia kwenye 8K ilhali runinga hizo ziko sokoni tangu mwaka 2015, Sharp ilipoanza kuuza ya kwanza, yenye inchi 85.

Jicho na umbali wa kiti

Runinga ya Full HD ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla takriban milioni 2. Ile ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, takriban milioni 8.3, na ya 8K ina 7,680 kwa 4,320, zaidi ya milioni 33. Kwenye karatasi hatua hizi mbili ni sawa, kwa kuwa kila moja inazidisha pikseli mara nne. Machoni hazilingani hata kidogo. Kwa kipimo cha kawaida cha uoni, mtu mwenye macho mazima hutofautisha vitu vilivyoachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii, na vikikaribiana zaidi ya hapo huviona kama kitu kimoja. Ukikipeleka kipimo hicho kwenye kioo cha inchi 55, pikseli za Full HD zinaacha kutofautishika ukiwa takriban mita 2.2 kutoka kwenye kioo, na za 4K ukiwa mita 1.1. Kwa runinga ya 8K ya inchi 65, inabidi usogee hadi kama sentimita 65 ndipo uanze kuziona pikseli zake moja moja, na hakuna anayetazama mpira akiwa amekaa hapo.

Wapo wanaodai kwamba kipimo hicho ni cha zamani, na wana hoja. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na kampuni ya Meta, uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Communications, ulionyesha kwamba jicho linaweza kutofautisha hadi pikseli 94 katika kila digrii badala ya 60, picha ikiwa nyeusi na nyeupe. Hata ukiikubali namba hiyo, 4K ya inchi 65 inamtosha mtu aliyekaa umbali wa mita mbili au zaidi, kwa maana kwamba pikseli za ziada za 8K zingekuwepo bila yeye kuziona. Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, chukua futi kamba na upime kutoka kwenye kiti hadi ukutani. Kipimo hicho kimoja kitakusaidia kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Sababu ya pili ya kusita ni uhaba wa vitu vya kutazama. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilifungua chaneli ya setilaiti ya 8K tarehe 1 Desemba 2018 na likarusha michezo ya Olimpiki ya Tokyo kwa ubora huo, lakini mfano wake haukuenea duniani. Netflix inaishia kwenye 4K, na hata hapo inapendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde. Diski za Ultra HD Blu-ray, zilizoingia sokoni mwaka 2016, nazo zinaishia hapo hapo. Filamu nyingi za sinema zimekamilishwa studio kwa 2K, ubora unaoipita Full HD kidogo tu, kisha zikakuzwa ili zitolewe kwa 4K. YouTube ina video za 8K, lakini nyingi ni mandhari za milima na miji zilizopigwa kwa ajili ya maonyesho, na mtu hazitazami kila jioni. Matokeo yake ni kwamba runinga ya 8K hutumia karibu muda wake wote kukuza picha ndogo: ikipokea 4K, pikseli tatu katika kila nne zimekisiwa na kompyuta iliyo ndani yake, ikipokea Full HD, zilizokisiwa ni 15 katika kila 16.

1. Runinga ya 4K ya OLED au mini-LED, inchi 55 hadi 65

Hii ndiyo ninayoiweka mbele, na sababu yenyewe haina uhusiano mkubwa na 4K. Picha inayomfanya mtu asimame dukani na kushangaa huwa imebebwa na tofauti kati ya weusi na weupe pamoja na utajiri wa rangi, mambo yanayoonekana hata ukiwa mita tano. Katika OLED kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe na inaweza kuzimika kabisa, hivyo usiku katika filamu huwa mweusi kweli. Katika mini-LED kuna taa ndogo nyingi nyuma ya kioo, zilizogawanywa katika kanda ambazo kila moja huwaka au kufifia peke yake. Haifikii weusi wa OLED, lakini kwa kawaida huwaka kwa nguvu zaidi, na katika sebule yenye dirisha kubwa hilo ni jambo la maana.

Kuipima dukani si kazi ngumu. Beba flashi yenye kipande cha filamu ya usiku iliyo na maandishi meupe ya tafsiri chini, omba ichezwe badala ya video ya matangazo ya dukani, kisha simama umbali ule uliopima nyumbani. Tazama pembezoni mwa maandishi. Kwenye mini-LED yenye kanda chache utaona ukungu wa mwanga ukiyazunguka na kuyafuata kila yanapobadilika. Kwenye nzuri ukungu huo ni hafifu sana, na kwenye OLED haupo. Halafu sogea upande kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, uone kama rangi zinapauka. Video ya matangazo ya dukani haionyeshi lolote kati ya hayo, kwa sababu imejaa maua na matunda yanayong'aa, na hata kioo duni huyamudu hayo.

OLED ina hatari moja inayopaswa kusemwa wazi: nembo ya chaneli au ukanda wa habari ukikaa mahali pamoja kwa saa nyingi kila siku, kwa miaka, unaweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo. Nyumba ambamo chaneli ya habari hufunguliwa asubuhi na kuzimwa usiku inafaa ichague mini-LED.

Wacheza gemu wana jambo la ziada la kuangalia. Picha ya 4K yenye fremu 120 kwa sekunde inahitaji tundu la HDMI 2.1, kiwango kilichotangazwa mwaka 2017 chenye uwezo wa hadi gigabiti 48 kwa sekunde, ilhali HDMI 2.0 inaishia kwenye 18. Runinga nyingi zina matundu manne lakini ni moja au mawili tu yenye uwezo huo, na mara nyingi moja kati yake ndilo pia la kuunganishia spika. Soma maandishi madogo yaliyo kando ya kila tundu, na ukifika nyumbani ingia kwenye mipangilio, kwani katika runinga kadhaa tundu huanza likiwa limefungiwa kwenye kasi ndogo hadi ulifungue mwenyewe.

2. Kioo cha kompyuta cha 4K, inchi 27

Huenda msomaji akashangaa kukuta kioo cha mezani katika nafasi ya pili, lakini hapa ndipo pikseli nyingi zinapolipa. Mtu anayefanya kazi kwenye kompyuta hukaa kama sentimita 60 kutoka kwenye kioo, umbali ambao kipimo kile cha kawaida kinadai pikseli zisizozidi milimita 0.175. Kioo cha inchi 27 chenye pikseli 2,560 kwa 1,440 kina pikseli za milimita 0.23, na za 4K ni milimita 0.16. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho matupu kwenye herufi, hasa zile nyembamba zenye mikunjo kama s na g, ambazo kingo zake huacha kuwa na ngazi. Anayesoma na kuandika mchana kutwa atafaidika na 4K ya mezani kuliko atakavyofaidika na 8K yoyote ya sebuleni.

3. Full HD ya inchi 32 hadi 43

Kwa chumba cha kulala au jikoni inatosha kabisa. Ukikaa zaidi ya mita 1.7 kutoka kwenye kioo cha inchi 43, Full HD imekwisha kufikia kipimo cha kawaida cha jicho. Angalizo moja tu: runinga nyingi za inchi 32 zina pikseli 1,366 kwa 768 na huandikwa HD au HD Ready kwenye boksi, jambo ambalo si sawa na Full HD.

4. Runinga ya 4K ya bei ya chini

Kusema kweli, 4K haikuenea kwa sababu wanunuzi waliidai. Ilienea kwa sababu watengenezaji waliacha kutoa vioo vikubwa vya Full HD, hivyo aliyetaka inchi 55 akaipata 4K apende asipende. Ndiyo maana wingi wa pikseli haukutenganishi tena na bidhaa duni. Katika runinga hizi taa za nyuma huwaka zote kwa pamoja, weusi huwa kijivu, na alama ya HDR iliyo kwenye boksi mara nyingi ina maana kwamba runinga inaitambua ishara ya HDR, hata kama haina mwanga wa kutosha kuionyesha. Bajeti ikikubana, ni afadhali uchukue inchi 50 yenye kioo kizuri kuliko 65 ya namna hii.

5. Runinga ya 8K

Inakaa mwisho, na watengenezaji wenyewe wameanza kuiacha. TCL na Sony zimeacha kutoa miundo mipya. Sony hiyo hiyo iliuza PlayStation 5 mwaka 2020 ikiwa na alama ya 8K kwenye boksi, kisha baadaye ikaiondoa alama hiyo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni za matumizi ya umeme zilizoanza kuwabana watengenezaji wa runinga hizi tarehe 1 Machi 2023 ziligusa udhaifu halisi wa teknolojia yenyewe: kadiri pikseli zinavyopungua ukubwa ndivyo zinavyozuia sehemu kubwa zaidi ya mwanga wa taa za nyuma, na taa hulazimika kuwaka zaidi ili picha isififie.

Anayeweza kunufaika nayo ni yule mwenye ukuta wa inchi 85 au zaidi, anayekaa karibu nao chini ya mita mbili, na aliye na picha zake mwenyewe za kuonyesha, kwa mfano mpiga picha ambaye kamera yake inatoa pikseli milioni 33 au zaidi. Ama anayeahirisha kununua runinga leo akisubiri 8K ishuke bei, nadhani anasubiri kitu kisicho sahihi, kwa sababu hata ikishuka bado huduma za filamu, diski na chaneli za kawaida zitakuwa zinampelekea 4K au chini yake, na kiti chake kitakuwa pale pale kilipo.