Tathmini ya chaguo namba 2 la drafti ya NBA 2009: Memphis na Hasheem Thabeet

Nyota 2 kati ya 5. Alama hii ni ya Memphis Grizzlies, klabu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na namna walivyoitumia nafasi ya pili kwenye drafti (zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya) mwezi Juni 2009. Si ya kijana wa Dar es Salaam aliyebebeshwa nafasi hiyo. Jina la Thabeet hutajwa kwenye kila orodha ya waliofeli, na mjadala unaishia hapo. Inauma, kwa kuwa sababu za kilichotokea zinaeleweka, na nyingi zilionekana kabla ya usiku wa drafti.

Tuanze na kile klabu inachopata. Mchezaji wa raundi ya kwanza anasaini mkataba ambao mshahara wake umeshapangwa kufuatana na namba yake: miaka 2 ya uhakika, kisha klabu ina hiari ya kuongeza wa 3 na wa 4. Ukipatia, unakuwa na nyota kwa bei ya chipukizi. Ukikosea, hasara kubwa haiko kwenye mshahara. Iko kwa wale uliowaruka. Memphis waliwaruka James Harden aliyekwenda Oklahoma City kwa namba 3, Stephen Curry aliyekwenda Golden State kwa namba 7, na DeMar DeRozan aliyekwenda Toronto kwa namba 9.

Walichokiona kwa Thabeet kilikuwa cha kweli. Urefu wa mita 2.21. Msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na bloku (mitupo ya wapinzani iliyozuiwa) 4.2 kwa mchezo, na timu ikafika nne bora ya taifa. Ligi ya Big East ilimtaja mlinzi bora mara mbili mfululizo, 2008 na 2009.

Lakini bloku zile zilipatikana chini ya sheria nyingine, na hapa ndipo tathmini nzima inapoegemea. Katika kikapu cha vyuo vya Marekani, senta, yule mrefu anayelinda ringi, anaweza kupiga kambi chini ya ringi muda wote wa shambulizi la wapinzani. NBA hairuhusu. Mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu akizidisha sekunde 3 ndani ya eneo la rangi, lile la mbele ya ringi, wapinzani wanapewa mtupo huru 1 na mpira unabaki kwao. Eneo lenyewe lina upana wa mita 4.9, wakati la vyuo lina 3.7. Mstari wa pointi tatu ulikuwa mita 6.32 kwa vyuo msimu ule; wa NBA unafika 7.24. Kwa hiyo uwanja unatanuka, senta anavutwa nje, na kila mpinzani akiweka skrini juu, yaani kumziba mlinzi kwa mwili mbali na ringi, mrefu wako lazima atoke kumzuia mwenye mpira, ashushe nyonga, ageuke, kisha arudi kwa mtu wake kabla pasi haijafika. Hilo linahitaji miguu na kiuno, vitu ambavyo futi ya kupimia haivioni. Anayechelewa hatua moja anacheza madhambi, na mwenye madhambi anarudi benchi.

Upande wa nguvu ulishajaribiwa hadharani. Februari 2009, DeJuan Blair wa Pittsburgh, mwenye takriban mita 2 tu, alimsukuma Thabeet mchezo mzima akaondoka na pointi 22 na ribaundi 23, wakati Connecticut ikiwa namba 1 nchini. Blair alikaa chini, akaweka makalio mapajani mwa mrefu, akachukua nafasi kabla mpira haujapanda. Mkanda ule peke yake ulitosha kuuliza: mwaka wa kwanza, dhidi ya watu wazima, atasimama wapi?

Halafu kuna kosa ambalo halimhusu Thabeet kabisa. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol, senta aliyetoka kumaliza msimu wake wa kwanza kwa wastani wa pointi 11.9 na ribaundi 7.4. Julai wakamwongeza Zach Randolph. Mchezaji aliyeanza kikapu akiwa kijana mkubwa, anayehitaji dakika nyingi kuliko wenzake, akawekwa nyuma ya watu wawili wasiotoka uwanjani. Utetezi wa kumwacha Harden ulikuwa kwamba yupo O.J. Mayo wa nafasi ileile uwanjani, mwenye pointi 18.5 kwa mchezo msimu uliotangulia. Kama nafasi ya Mayo ilihesabika imejaa, ya Gasol je?

Matokeo ya msimu wa kwanza: dakika 13 kwa mchezo, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Itazame hiyo bloku 1.3 tena. Kwa dakika 13 ni kazi nzuri sana. Kipaji chake kikuu kilivuka salama. Kilichokosekana ni kila kitu kinachomruhusu kocha amwache uwanjani. Februari 2010 akashushwa Dakota Wizards kwenye ligi ya maendeleo, akiwa mchezaji wa chaguo la juu kuliko wote waliowahi kupelekwa huko hadi wakati ule. Kwenda kupata dakika halikuwa wazo baya. Lilichelewa, na lilifanyika kwa namna iliyoonekana kama adhabu.

Anthony Bennett, namba 1 wa Cleveland mwaka 2013, na Darko Miličić, namba 2 wa Detroit mwaka 2003, huwekwa naye kapu moja. Darko ndiye anayefanana naye hasa: mrefu mchanga kwenye timu iliyokwishajaa, iliyotwaa ubingwa 2004 bila kumhitaji.

Nyota ya pili katika alama yangu inatoka wapi? Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza, wakapata Shane Battier na Ish Smith. Miezi miwili baadaye, mchezo wa kwanza wa mchujo dhidi ya San Antonio, Battier akapachika pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 23.9. Ukawa ushindi wa kwanza wa mchujo katika historia ya klabu hiyo. Thabeet alipita Portland, kisha Oklahoma City wakampa kazi ndogo iliyoeleweka, senta wa akiba wa dakika kama 11, na msimu wa 2012-13 akacheza michezo 66.