dgVoodoo 2: nimeitumia kufufua gemu ya 1999, haya ndo niliyoyaona

Nina gemu moja ya mbio za magari ya mwaka 1999, niliicheza enzi hizo mpaka CD ikachubuka. Juzi nikaiweka kwenye laptopu yenye Windows 11, nikabofya, kioo cheusi tii, muziki unasikika vizuri kabisa, injini zinanguruma, ila picha hamna. Nikaenda kwenye ile tabu ya Compatibility nikachagua Windows XP, nikatiki rangi za biti 16, nikatiki 640x480, ndo kwanza picha ikaja imejikunja kona ya juu kushoto kama stempu kwenye bahasha. Hapo nikachoka, nikashusha dgVoodoo 2.

Kwa asiyeijua, hiki kitu ni mkalimani tu. Gemu ya zamani inaongea DirectDraw (ya picha bapa, 2D) au Direct3D (ya 3D) ya wakati wake, zote ni sehemu za DirectX, lugha ya Microsoft ambayo gemu inatumia kuiagiza kadi ya picha, kadi ya picha ya siku hizi na draiva zake wanaielewa nusunusu, sasa dgVoodoo anakaa katikati anageuza kila kitu kuwa Direct3D 11 au 12. Anabeba DirectX ya 1 mpaka ya 9, na pia anabeba Glide, ile lugha ya kadi za Voodoo za 3dfx zilizotoka 1996 (jina mshaona lilikotoka). 3dfx wenyewe walishafunga duka kitambo, kwa hiyo gemu iliyotegemea Glide peke yake bila mkalimani haiendi popote.

Ni ya bure na haina kuinstoli, unakopi faili unazibandika kwenye folda ya gemu, pale pale ilipo exe yake, yaani faili linalowasha gemu. SIO System32, folda ya Windows yenyewe, jamani, kuna watu wanaweka huko halafu wanashangaa. Na hapa ndo nilipopoteza saa nzima: ndani ya kifurushi ulichoshusha kuna folda ya MS (faili za DirectX), na ndani yake kuna x86 (biti 32) na x64 (biti 64), mimi kwa akili zangu nikasema kompyuta yangu ni ya biti 64 basi nachukua x64, gemu ikanitupia eror 0xc000007b. Kumbe kinachoangaliwa ni gemu, sio kompyuta, na gemu za miaka ile ni biti 32, kwa hiyo unachukua x86.

Kosa la pili ni langu pia ila paneli yao nayo ina mchango wake. Unafungua dgVoodooCpl, ndo paneli yenyewe ya setingi, unabadilisha setingi, unabofya Apply, unawasha gemu, hakuna kilichobadilika. Kumbe setingi zimeandikwa folda nyingine kabisa! Kuna kitufe kidogo juu chenye nukta na mkwaju (.\), ukibofya hicho ndo inaandika dgVoodoo.conf kwenye folda ya gemu yako, sasa kitufe muhimu hivyo kweli unakiandika nukta na mkwaju? Na kama gemu iko Program Files ihamishe, Windows hapendi watu waandike-andike mule.

Baada ya hapo lakini, aisee. Picha imejaa kioo, kingo za magari zimenyooka kwa sababu niliweka MSAA (setingi ya kulainisha kingo) ya 4x, na rezolusheni niliilazimisha 1920x1080. Unajua imeshika ukiona nembo ya dgVoodoo kona ya chini kulia, usiizime kwanza mpaka uhakikishe. Kama picha imevutwa madereva wote wanaonekana wanene, nenda Scaling mode uchague ile ya kuvuta bila kuharibu uwiano, picha ya 4:3 itakaa 1440x1080 katikati na mistari myeusi pembeni. Wapo wasiopenda mistari, mimi naona ni bora kuliko tairi za yai. Kupanua uwanja wa kuonea ili uone zaidi kushoto na kulia hiyo sio kazi yake, hapo unatafuta pachi ya gemu yenyewe.

Jambo lingine, usiongeze VRAM, yaani memori ya kadi ya picha, kwa tamaa. Gemu nyingine za zamani ukiziambia kuna memori nyingi mno hesabu zinawachanganya zinagoma kuwaka, mimi niliiacha 256MB na imetosha. Na kama gari linakimbia kama limepagawa, weka kikomo cha fremu 60, maana baadhi ya gemu zilifunga mwendo wake kwenye fremu.

Sasa kwa gemu za 2D, zile za mikakati za rangi 256 kama Age of Empires ya 1997, ambazo kwenye Windows mpya zaidi nyasi zinaweza kugeuka waridi na maji zambarau, mimi binafsi naanza na cnc-ddraw, mkalimani mwingine wa DirectDraw peke yake. Ni nyepesi, unaweka ddraw.dll yake (faili la DirectDraw) kwenye folda ya gemu umemaliza, na rangi zinatulia. dgVoodoo nako inafanya kazi ila ni kama kuita fundi wa nyumba nzima aje kubadilisha taa moja.

Nyota nne kati ya tano, ya tano nimeikata kwa ajili ya ile paneli. Antivairasi inaweza kupiga kelele ukiipakua kwa hiyo chukua kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe, na kama gemu ilikuja na ddraw.dll yake usiifute, ibadilishe jina kwanza.