Intaneti ya nyumbani Nyanda za Juu Kusini: uanze na kipi, na dishi la setilaiti ununue lini

Spidi inayoandikwa kwenye tangazo isikubabaishe. Huku milimani kinachoamua ni vitu viwili: umeme ulio nao na anga unayoiona ukiwa juu ya paa.

1. Faiba. Ukiwa Mbeya au Iringa mjini, uliza kama waya umefika mtaani kwako. Umefika? Usihangaike na mengine. Haujali mvua wala miti. Adui yake ni koleo la mchimba mtaro.

2. Ruta ya laini ya simu. Inakula wati 10 hivi, na laini ikikushinda unaibadilisha. Pima kwanza kwa simu ya Android: Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM. Usomaji wa -85 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara) ni mzuri, -100 unavumilika, ukishuka chini ya -110 utakuwa unanunua ugomvi. Kisha pima spidi saa mbili usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani, kwa sababu saa nne asubuhi mnara unakudanganya. Chagua ruta yenye matundu ya antena ya nje, ufunge antena juu ya paa ikitazama mnara, na waya wake usizidi mita 5, maana waya mrefu hula mawimbi uliyoyapandia paani. "Bando lisilo na kikomo" lina kikomo: uliza spidi inashushwa baada ya GB ngapi.

3. Dishi la setilaiti za chini. Kwa shamba la Mufindi, Makete au Rungwe ambako mnara umefichwa na mlima, hili linapanda hadi nafasi ya kwanza. Setilaiti za Starlink, huduma ya intaneti ya aina hii, huzunguka kilomita 550 hivi juu yetu, ndiyo maana simu ya video haichelewi. Lakini hazitulii kama zile za televisheni. Dishi hurukia moja baada ya nyingine, hivyo linahitaji anga pana, si kipande kimoja. Kwa makadirio, kila mita 1 ya mti iliyozidi usawa wa dishi inataka umbali wa mita 1.5. Msindano unaolizidi dishi kwa mita 16 uwe mbali mita 24. Tawi moja tu likikatiza, faili litaendelea kupakuliwa kama kawaida ila simu ya video itakatika kila mara, nawe utailaumu kampuni bure. Programu ya simu ya Starlink hupima vizuizi kwa kamera. Itumie kabla fundi hajatoboa bati.

Umeme: dishi dogo la Mini hula wati 25 hadi 40, la kawaida 75 hadi 100. Betri ya asidi ya 12V, 100Ah, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, hutoa Wh (wati-saa) 600: saa 20 kwa dishi dogo la wati 30, saa 7 na nusu kwa kubwa la wati 80, kabla ya inveta kuchukua chake. Kulisha dogo mchana na usiku, weka paneli ya wati 250 au zaidi. Ukungu wa Mufindi hauna huruma. Mvua nzito hukata mawasiliano kwa dakika kadhaa, hilo halina dawa. Madhara ya radi yanapunguzika: mlingoti uunganishwe na nondo ya shaba iliyozamishwa ardhini. Waya wa dishi nao upitishwe kwenye bomba, panya wasiuguse.

Starlink ilifungua huduma Zambia na Malawi mwaka 2023, hivyo kishawishi cha kuvuka Tunduma au Kasumulu kuchukua kifaa kipo. Kiache. Akaunti ya nchi nyingine inahesabiwa kuwa ya msafiri na inaweza kukatwa baada ya miezi miwili, na kifaa kisichoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kinakuweka pabaya. Angalia leseni na ramani ya huduma kabla ya kutuma fedha. Mjini usilikimbilie dishi hili: Nairobi, mwishoni mwa 2024, usajili mpya wa Starlink ulisimamishwa kwa sababu wateja walizidi uwezo.

Ukilinganisha bei, gawanya gharama ya kifaa kwa miezi 24, kisha ongeza ada ya mwezi. Hapo ndipo ruta "ya bei rahisi" huanza kusema ukweli.

4. Dishi kubwa la setilaiti za mbali. Kilomita 35,786 kupanda, nyingine hizo kushuka, na jibu hurudia safari hiyo yote: ukisema "haloo" unasubiri jibu zaidi ya nusu sekunde. Linafaa ofisi inayotuma miamala, halifai nyumba yenye watoto wanaosoma kwa video.