Plota yao ina mistari, lawama nikabebeshwa mimi

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Arusha, na sijawahi kudharauliwa kaunta kama nilivyodharauliwa juzijuzi kwenye duka moja la kuchapisha katikati ya mji. Nilipeleka seti ya ramani za karatasi kubwa, A1, kwenye flashi, mteja wangu wa Njiro anaisubiri akaombee kibali cha ujenzi. Karatasi ya kwanza ikatoka na mistari myeupe, imekatiza mchoro toka ukingo hadi ukingo. Vipimo vya madirisha vimeliwa nusu.

Nikamwambia dada wa plota, ile printa kubwa ya ramani, "Samahani dada, naona matundu ya wino yameziba. Tutoe kwanza karatasi ya majaribio, halafu usafishe hedi, kile kichwa kinachotoa wino."

Hata usoni hakuniangalia. "Faili lako ndilo bovu, kaka. Karekebishe."

Faili! Faili gani linaacha pengo lilelile, kwa umbali uleule, karatasi nzima? Nikamfungulia PDF kwenye simu, hakuna hata mstari mmoja. Yeye anachati.

Akatoa nyingine kwa kunibwatukia. Nikaweka rula. Ukuta wa mita 10 kwa skeli ya 1:100 lazima uje sentimita 10 kamili. Umekuja 9.6! Kaacha setingi ya kubana mchoro utoshee kwenye karatasi, na pale chini bado pameandikwa 1:100. Fundi akipimia rula karatasi ile, msingi wa watu unachimbwa mfupi. Hilo ndilo lililonichemsha zaidi, kuliko hata maneno yake.

Haki yao niwape. Kijana mmoja alitoka chumba cha nyuma, akanisalimia, akatoa karatasi ya majaribio bila kuombwa mara mbili. Rangi nyeusi ilikuwa imekatikakatika. Akasafisha hedi, akajaribu, akasafisha tena mpaka ikanyooka, akarudisha ukubwa kwenye asilimia 100. Ramani ikatoka safi, mistari myeusi tii, kwenye karatasi nzito ambayo kwa bei ile huipati kwingine. Nikasema hawa nitarudi kwao.

Kufika kulipa, dada kahesabu na zile mbovu zote. "Kwani wino haukutumika?"

Nililipa kwa sababu mteja alikuwa anapiga simu mfululizo. Lakini kurudi, hapana. Labda yule kijana awepo. Mkienda muulizieni kwanza, na kama hayupo, ondokeni na flashi zenu.