TAHADHARI: mkienda Jinja kunywa, huyo "weta" anayeongea Kiswahili kitamu SI WETA

Jamani dada zangu naandika hii mikono bado inatetemeka kwa hasira na aibu. Najua wengine mmeshasikia nusunusu kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, mdomo wake mnaujua, sasa nisikieni mimi mwenyewe kabla habari haijafika mahali pa kusema eti nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekunywa mojito moja na nusu.

Ilikuwa Jumamosi, ile safari niliyowaambia ya kumtembeza wifi. Wifi ni yule yule, sina haja ya kueleza, tangu siku ya harusi mnajua tulikotoka. Kaja kwa basi kutoka Tanga, kachoka, na mimi nikaapa safari hii ataona kaka yake hakuoa mtu wa kulialia shida Kampala. Tukatoka asubuhi sisi wanne, mimi, wifi, jirani na binamu yake, na dereva wetu yule wa siku zote. Foleni ya Mukono ikatula kama kawaida, Namawojjolo tukanunua kuku wa vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, hapo hapo dirishani, msitu wa Mabira wifi akapiga picha kila mti, tukavuka daraja jipya lile la nyaya, tukafika. Chanzo cha Nile tukakimaliza haraka, boti, sanamu ya Gandhi, Speke yule mzungu mvumbuzi alifika 1862, sawa, picha, twende. Saa kumi jioni miguu inauma, koo limekauka, tukaingia mgahawa mmoja wa kando ya mto. Jina silitaji, baba watoto amekataza, anasema tukilitaja tutageuziwa kesi sisi.

Sasa sikilizeni hapa. Tuko bado pakingi, wifi analalamika viatu vinambana, mimi namjibu, wote kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, mara nasikia nyuma yangu "Shikamooni dada zangu, hiyo lafudhi ni ya Tanga au masikio yangu yananidanganya?" Nikageuka. Kijana, shati jeusi limepigwa pasi, eproni nyeusi, kalamu sikioni, menyu mbili kwapani, zile za jalada gumu zenye jina la mgahawa. Nani angeuliza kitambulisho? Mnajua wenyewe Kiswahili cha hapa kwetu, ukiongea watu wanakuangalia kama umetoka kambi ya jeshi au umekuja kuiba, halafu mtu anakupa shikamoo ya kwelikweli pembeni ya mto Nile! Wifi akayeyuka. Akamuuliza kwao wapi, akasema mama yake ni wa Mwanza, alisoma huko mpaka darasa la saba. Akatupeleka meza iliyo chini ya mwembe karibu kabisa na maji, akamfutia wifi kiti kwa kitambaa. Kwa KITAMBAA.

Na alijua kazi, hilo siwezi kumnyima. Akamweleza wifi mojito ni ramu nyeupe, ndimu, majani ya mnanaa, sukari na soda, akamuuliza apunguziwe sukari au hapana. Binamu alitaka bia, akamwambia chukua Nile Special, hii inapikwa hapa hapa Jinja, lakini ni asilimia 5.6 dada, kunywa na chakula. Mimi nami sikunyamaza, kujifanya mwenyeji, nikaanza kumhadithia wifi habari za Uganda Waragi, kwamba inasemekana wakoloni waliita gongo ya hapa war gin mpaka likatoka jina la waragi, na yule mwizi anaitikia "kweli kabisa dada, wewe ni mwenyeji". Mwenyeji! Nikavimba kama andazi.

Vinywaji vikaletwa na msichana mwenye sare, trei, barafu, kila kitu. Kijana amesimama pembeni anamwelekeza, "mojito kwa dada huyu, waragi na toniki kule, Nile hizi mbili hapa." Wanacheka pamoja. Sasa niambieni nyinyi mnaojifanya wajanja kwenye simu, hapo ungeshuku nini?

Basi. Saa kumi na mbili kasorobo hivi, jua linaanza kuwa jekundu juu ya maji, tumeshaongeza raundi, samaki wawili wameshakuja, ngege wa kukaanga mzima mzima, na sinia la kuku. Akaja ameinama, sauti ya chini kama anatoa siri. Dada, kuna hapi awa, kokteli mbili kwa bei ya moja, lakini mfumo unajifunga saa kumi na mbili kamili, mkilipia sasa hata zile mtakazokunywa usiku zinaingia kwenye ofa. Kokteli moja ni 30,000. Nikapiga hesabu kichwani, nane kwa 120,000 badala ya 240,000, nikamwangalia wifi, naye alikuwa anazidisha kwa shilingi za Tanzania nikaona jicho limemtoka, nikasema leo leo. Akatoa kadaftari, kale ka kurasa za mraba ka watoto wa shule, akaandika: kokteli 8, 120,000. Bia 6, 48,000. Samaki 2, 90,000. Kuku, 60,000. Jumla 318,000. Hesabu safi kabisa, nikahakikisha mara mbili kwa simu, ndiyo akili niliyokuwa nayo hiyo, kuhakikisha kujumlisha.

Nikamwambia nipe ile namba ya malipo ya mgahawa. Akasema ile ya mgahawa leo inasumbua mtandao, tuma kwa namba hii ya kashia. Nikafungua momo, pesa za simu, nikaandika namba anayonitajia polepole, tatu tatu, kama anamfundisha mtoto. Jina likatokea. La kike. Nimesimama, kidole juu ya simu, nikamuuliza huyu nani? "Ndiye kashia wetu dada, yule pale ndani" akanyoosha mkono kaunta, na kweli kulikuwa na mwanamke amekaa kaunta! Na saa inakwenda, dakika saba zimebaki, na wifi ananitazama. Nikaweka namba ya siri. Na sikutuma 318,000, nilituma 330,000. Ile 12,000 nilimwambia ya kwako kijana, umetuhudumia vizuri. Nimempa mwizi bakshishi. Akashika kifua, akasema Mungu akuzidishie.

Akatupiga na picha, alisema mwanga wa sasa hivi haupatikani tena. Kisha akasema anakwenda kuingiza malipo. Hatukumwona tena.

Hatukushtuka mapema, vinywaji viliendelea kuja kwa yule msichana. Saa mbili kasoro mbu wanatula tukainuka, mimi mbele na mkoba wangu, na msichana akatufuata na karatasi. Bili. Kokteli 6 kwa 30,000, bia 4, samaki, kuku, 362,000. Nikacheka. Nikamwambia tumeshalipa mama, muulize mwenzako. Mwenzangu yupi? Yule kijana wa Kiswahili. Akanitazama hivi, akasema "Nyabo, yule si ndiye mtembeza wageni wenu?"

Yaani mmeelewa mchezo? Kwetu alikuwa weta wao. Kwao alikuwa mtu wetu, mtembeza watalii aliyetuleta. Alikwenda kaunta akasema wageni wangu wa Tanzania wako chini ya mwembe, wanataka hiki na hiki, waandikieni bili ya meza. Kila upande unamwona anacheka na upande mwingine, basi kila upande unaamini. Na dereva wetu wa kweli alikuwa amelala garini na kofia usoni, maana yeye hagusi pombe, na barabara ya kurudi Kampala usiku Kawunyemu, wale polisi wa kupima ulevi, wanakungoja na kile kipimo chao. Angekaa mezani na sisi labda yasingetokea, sijui.

Nikamwita meneja. Akaja mpole, akasema ofa kama hiyo hawana Jumamosi, yule mwanamke wa kaunta si huyo wa jina nililotumia, na momo ya mgahawa ilikuwa inafanya kazi siku nzima. Akaniuliza risiti iko wapi. Nikatoa kale kakaratasi ka daftari. Watu wa meza ya jirani wamenyamaza wanatusikiliza, wazungu wawili na familia moja ya Kihindi, na mimi nimeshika karatasi ya mraba kama mtoto aliyekosa hesabu. Nikapiga simu huduma kwa wateja, hela ilishatolewa kwa wakala dakika chache tu baada ya kutuma. Nikalipa mara ya pili. Jumla 692,000 kwa jioni moja, na laki na kitu katika hizo ilibidi nikope kwa WIFI. Hakusema neno. Alifungua pochi taratibu, akahesabu, akanipa. Njia nzima mpaka Lugazi hakusema neno. Jumatatu asubuhi mama mkwe ananipigia kutoka Tanga, salamu hata hajamaliza, "nasikia mmeliwa hela kwenye pombe." Mmeliwa. Kwenye pombe.

Msinianze na habari za "ungeuliza" na "mimi nisingekubali". Miaka tisa nipo Uganda, Luganda naongea, sokoni Owino hakuna anayenibambika bei. Huyu hakunipata kwa ujinga, alinipata kwa shikamoo. Angekuja na Kiingereza au Luganda ningemdai risiti kabla hajakaa sawa. Ndiyo maana naandika kwenye grupu hili na si kwingine, maana anachowinda ni sisi, anasikiliza pakingi nani anaongea Kiswahili cha mgeni.

Na akipatikana naomba asipigwe faini tu halafu akaachiwa. Afungwe gereza la Kirinya, ale posho, ule ugali wa hapa, na maharage mpaka asahau harufu ya mnanaa, na kabla ya hapo azungushwe Jinja mzima amevaa eproni yake na menyu imening'inia shingoni, awape shikamoo wote anaokutana nao. Na yule wa jina la kike aliyepokea hela naye asiachwe, maana bila yeye hii biashara haiendi. Na meneja, sawa, mpole, lakini mtu anaingia kwako na eproni anakaa masaa mawili na wewe humuoni? Menyu zako alizitoa wapi? Sisemi kitu. Polisi nimeripoti, namba ya faili ninayo.

Mnaosafiri sikukuu hii, haya ndiyo ninayoyakumbuka sasa nikiwa na akili baridi. Hakubeba hata glasi moja kwa mkono wake, masaa yote yale. Hakuingia jikoni. Jina la momo lilikuwa la mtu, si la biashara, ukilipa kwa *165*3#, ile ya kulipia biashara, jina la biashara linatokea kabla hujaweka namba ya siri, hilo nilikuwa nalijua kabisa. Lipeni kaunta, kwa miguu yenu, na mdai ile risiti ya EFRIS, ya mamlaka ya mapato, yenye kiboksi cha kuskani, siyo daftari. Na weta akikuharakisha na saa, muulize yule anayeleta trei, huyu ni wenu? Neno moja tu hilo lingeniokoa 330,000.

Ni mrefu wa kadiri, mwembamba, mweusi, umri labda ishirini na sita, meno ya mbele yana mwanya kidogo. Jina alilotupa si lake bila shaka. Jirani anasema ana kovu kwenye kiwiko, mimi sikuliona. Picha mnazoniomba inbox sina, zile zote za jioni alipiga yeye kwa simu yangu, tumo sisi wanne tunacheka na glasi juu, na kwenye moja pembeni kabisa kidole chake kimeziba kamera kidogo. Hicho kidole ndicho nilichowapelekea polisi.